Mkandarasi wa Ukoo Wetu

Watu wakisikia kwamba nimejenga, huniuliza swali moja tu: fundi ulimpata wapi? Hawaulizi nyumba ina vyumba vingapi wala mabati ni ya rangi gani. Huku kwetu kila aliyewahi kujenga ana kidonda chake, na mwenye kidonda humjua mwenzake. Mimi huwajibu kwamba fundi nilimpata harusini. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Nilimpata kwenye harusi Kamachumu, meza ya jirani, mtu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na kabla chakula hakijafika mezani alikuwa ameshakuwa baba yangu mdogo.

Nieleze kwanza habari ya nyumba yenyewe. Mama yangu aliishi Buganguzi, huko Muleba, katika kibanja alichoolewa. Kwetu kibanja si kipande cha ardhi cha kujengea kama wanavyoelewa watu wa Dar es Salaam. Ni shamba zima la migomba na kahawa, nyumba ikiwa katikati, na makaburi ya waliotangulia yakiwa kando ya nyumba. Baba yangu yuko pale, upande wa chini, chini ya kivuli. Nyumba aliyoijenga yeye na mama ilipata nyufa wakati wa lile tetemeko la ardhi lililotikisa Bukoba, na mama aliziziba kwa udongo, mwaka hadi mwaka, mpaka ukuta wa chumbani ukaanza kuinama. Kaka yangu, anayeishi Mwanza na ndiye mrithi wa kibanja, alipiga simu akasema tujenge. Nilisema tujenge. Tulikubaliana yeye atoe zaidi, mimi nifuatilie, kwa kuwa mimi niko Kagondo, hapa hapa Bukoba mjini, na Buganguzi ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule. Mteja akiniletea kitambaa simkatii mpaka nimempima, na akiwa mgeni kwangu humwonyesha kwanza sare nilizokwisha kuzishona ili aone mshono wangu. Sijui akili hiyo niliiacha wapi siku ile Kamachumu.

Yule bwana alisikia nikimwambia mwenzangu kwamba tunatafuta mkandarasi. Akageuka, akanisalimia kwa adabu, akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikamwambia. Akauliza ukoo. Nikamwambia. Akauliza mwiko wetu ni nini, maana kila ukoo kwetu una kitu ambacho watu wake hawali, na wenye mwiko mmoja ni ndugu. Nikamtajia. Akaweka soda chini, akasema, basi sisi ni wa nyumba moja. Tukaanza kuhesabu babu, babu wa babu, ndugu wa babu wa babu, watu wa meza nzima wakisaidia, na hesabu ilipokamilika ikaonekana kwamba yeye yuko safu moja na marehemu baba yangu. Alikuwa na umri wa kati, ndevu hazijaanza kuota mvi. Mimi ni bibi, nina wajukuu. Nikasimama mbele za watu nikampa shikamoo mtu ambaye ningeweza kuwa nilimshonea kaptula ya shule.

Nilimpigia kaka palepale. Kaka akafurahi mno, akataka azungumze naye, wakaongea Kihaya kwa sauti kubwa kama watu waliopotezana tangu utoto. Yule bwana aliponirudishia simu, kaka akaniambia Mungu ametuona. Damu nzito kuliko maji. Kwa nini tuhangaike na watu baki wakati tuna mtu wetu?

Hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa, na nalisema wazi ili msomaji asipate shida kulitafuta. Si kwamba tulimchukua ndugu. Ndugu wanajenga, tena vizuri. Kosa ni kwamba tulimchukua baba. Kwetu baba mdogo haulizwi. Ukitaka kuona nyumba alizokwisha kuzijenga, ni kama unamwambia humwamini. Ukitaka kuongea na wenye nyumba hizo, umemtangaza. Wahaya tunasemwa kwa majivuno ya kisomo, tunaitwa nshomile, na mimi huwa napokea utani huo kwa kicheko. Lakini kisomo chetu chote huishia mlangoni pa ukoo, na ukishaingia ndani unakuwa mtoto.

Nilijaribu mara moja. Siku tuliyokwenda naye Buganguzi kupima eneo, nilimwambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba labda tupite kwa mwenyekiti wa kitongoji tuandikishane: ataanza lini, atamaliza lini, vifaa ananunua nani, malipo yanatoka hatua kwa hatua namna gani. Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushikia. Aliniangalia kwa huruma, akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu," akasema, "unataka kuandikishana na baba yako?"

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nikasema hapana, nilikuwa natania tu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nimekua nikiusikia msemo huo, na siku nilipouhitaji niliumeza.

Basi akasema tuanze mara moja, kabla masika hayajaingia. Nyumba ya zamani ikavunjwa. Sikujua nyumba iliyokaliwa miaka yote ile inaweza kushuka kwa muda mfupi hivyo. Mama alisimama chini ya mti wa kahawa wa karibu, ameshika fremu ya mlango wa chumbani aliyoomba isichomwe. Lililobaki ni jiko, lile banda la nje lenye mafiga, mahali pa kuweka ndizi na kitanda kimoja cha zamani. Mama akasema atakaa humo. Baba mdogo akasema saiti si mahali pa mama, vumbi litampa kikohozi, na kwamba kahawa ikianza kuiva atakuwa ameshaingia kwake. Mimi na kaka tukaona amesema la maana. Nikamchukua mama nikaja naye Kagondo, na mfuko mmoja wa nguo.

Mfuko ule haukufunguliwa wote. Nilimwonyesha kabati, akasema ni kabati zuri, akaendelea kutoa gauni moja moja mfukoni na kulirudisha. Siku ya tatu aliniambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akaomba jembe. Nilicheka. Hakuwa anacheka. Nyuma ya nyumba yangu kuna migomba michache na ukuta wa jirani, eneo ambamo kuku mwenyewe hugeuka kwa shida. Mama alilipalilia mpaka likabaki jekundu. Kisha akaomba ruhusa kwa jirani, akapalilia na la jirani. Baada ya hapo hapakuwa na pa kulima, akakaa.

Akitaka kubandika chai alikuwa ananiuliza kwanza. Nilimwambia mama, hapa ni kwako. Akasema ahsante, mwanangu, kisha kesho yake akauliza tena. Saa kumi jioni alikuwa anatoka uani na kuangalia upande wa Muleba, akiniuliza kama nadhani Buganguzi kumenyesha. Nilikuwa najua nini mimi? Nilimjibu kumenyesha, kwa kuwa jibu hilo lilimpendeza. Alikuwa akinieleza migomba yake mmoja mmoja, uliopandwa na baba, uliotoka kwa mama yake siku alipoolewa, ule wa nyuma ya jiko ambao hulala upande kila ukizaa na lazima uwekewe nguzo. Aliniuliza nani anauwekea nguzo. Jirani yake mmoja alikuwa ameachiwa kibanja akitazame, na nilimwambia huyo anaweka. Lakini kilichomuuma zaidi ni moto. Kwa mama, nyumba isiyofuka moshi jioni imekufa, na wapita njia huiona kwamba imekufa. Alikuwa anaisema habari hiyo kwa sauti ndogo, akiniangalia kama nitamwelewa.

Saitini mambo yalianza vizuri. Nataka haki itendeke: baba mdogo anajua kazi. Msingi wake wa mawe ni msingi ambao hata mimi nisiyejua ujenzi niliupenda kwa macho. Kuta zikapanda, madirisha yakaonekana, wakafunga lenta juu ya madirisha. Nilikuwa nakwenda, napewa kiti, naonyeshwa, narudi na habari njema, na mama anakunywa chai yake yote.

Halafu kukawa kimya. Nilikwenda nikakuta karai limefunikwa na hakuna mtu. Nikapiga simu, akasema, mwanangu, mvua. Mvua ikakatika, nikapiga tena, akasema, mwanangu, mbao za kenchi za paa hazijakauka. Kahawa ikaiva, ikachumwa na jirani, ikaanikwa, na mama yuko Kagondo. Nikaenda tena, nikakuta hata mirunda ya kupandia mafundi haipo. Yule jirani ndiye aliyeninong'oneza kwamba mirunda na mafundi wote wako Kamachumu, kwenye jengo la mtu mwingine, la ghorofa.

Nikapanda gari mpaka Kamachumu nikiwa nimejaa hasira. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika, baba mdogo alishuka kutoka juu, akajifuta mikono, akanipokea kwa furaha mbele ya mafundi wake: jamani, huyu ni binti yangu kutoka Bukoba. Nikatoa shikamoo. Akaagiza soda, akauliza wajukuu mmoja mmoja, akauliza presha ya mama, akasema mwezi ujao, mwezi ujao bila shaka. Ilipofika jioni nilikuwa nimerudi Kagondo, na njiani nikakumbuka kwamba wakati wa kuagana nilimwambia ahsante sana. Ahsante ya nini, mpaka leo sijui.

Nilimweleza mzee mmoja wa ukoo, akasema mtoto hamshitaki baba yake, atatafuta nafasi amkanye. Nilimweleza kaka, akasema nisimkasirishe baba mdogo, maana tumeshampa karibu fedha zote. Hilo nalo lilikuwa kosa, na lilikuwa la kaka, ila sikumwambia, kwa kuwa kwa simu kila mtu ni hodari. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama tulikubaliana asiambiwe. Ana presha, kaka alisema, na hawezi kusaidia chochote.

Mama akaingia mwaka wa pili kwangu. Magoti yakaanza kumsumbua, yeye ambaye alikuwa anapanda na kushuka kibanja na mkungu kichwani. Wakati wa senene, panzi tunaowala kwetu, watoto wa mtaa walikesha kwenye taa za barabarani wakiwakamata, wakamletea sahani imejaa waliokaangwa, akala wachache akasema ni wazuri, akagawa wengine. Alianza kulala mchana. Na jioni moja nikagundua kwamba ana siku nyingi hajaniuliza kama Buganguzi kumenyesha. Nilimtazama amekaa uani, uso ukiwa upande wa ukuta wa jirani, mikono imelala mapajani haina kazi, nikaogopa. Nilielewa kwamba hata nyumba ikiisha, naweza kujikuta sina wa kumpeleka. Sizungumzii kifo tu. Mtu anaweza kuwa hai na asiweze tena kurudi kwake.

Ilikuwa katika hali hiyo yule jirani wa Buganguzi alipokuja Bukoba kwenye mazishi, akapita Kagondo kumsalimia mama. Mimi nilikuwa dukani. Niliporudi nilimkuta mgeni ameshaondoka, na mama amekaa wima kuliko nilivyomwona kwa miezi mingi.

"Ameniambia maboga yangu yamezaa vizuri," akasema. "Yameingia mpaka sebuleni."

Nikaanza kueleza, mvua, mbao, Kamachumu, presha yake, kaka alivyosema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: huyo fundi si ni yule yule ndugu wa mume wangu? Nikasema ndiye, baba mdogo kabisa kwa hesabu ya ukoo. Mama akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinaanzia tumboni. Akasema waitu, jamani, na mlikuwa mnanificha nini?

Asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni, amevaa kitenge chake cha kanisani, mfuko wake umefungwa. Sikubishana naye. Tulifika Buganguzi kabla jua halijawa kali. Maboga yalikuwa kweli sebuleni, manene, yamepanda dirishani yakatoka nje. Mama hakwenda kwenye nyumba kwanza. Alikwenda kaburini kwa baba akasimama kidogo, akapita kwenye migomba akiigusa, akang'oa magugu mawili matatu huku amevaa nguo za kanisani, ndipo akaja. Akaniamuru nipige simu Kamachumu. Nimwambie shemeji yake amefika, anataka kumsalimia, na chakula kiko motoni.

Moto aliuwasha sebuleni. Jiko lilikuwepo, hatua chache tu, lakini alichukua mafiga matatu jikoni akayapanga katikati ya sebule isiyo na paa, akasogeza maboga, akabandika sufuria, akakaa chini kumenya ndizi. Moshi ukapanda moja kwa moja juu. Wapita njia wakaanza kusimama. Wengine wakaja kusalimia, wakakaribishwa waketi kwenye matofali.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kila Mhaya analijua na mimi na kaka tulilisahau. Mama si wa ukoo wetu. Mwanamke huja na ukoo wake na mwiko wake, akaishi navyo mpaka kufa. Yule bwana kwangu ni baba, namwinamishia kichwa. Kwa mama ni ndugu wa mume, shemeji, na shemeji kwa shemeji ni watani. Anaweza kumwambia lolote mbele ya watu, na mwenzake hana ruhusa ya kununa. Tulitafuta wazee, tukatafuta maneno, na mtu pekee mwenye haki ya kumsema tulikuwa tumemficha Kagondo ili asipate presha.

Baba mdogo alifika kwa pikipiki, akavua kofia, akaingia mlangoni pasipo na mlango. Akaanza salamu ndefu za heshima. Mama hakumwachia azimalize.

"Karibu, shemeji. Pita ndani, usinyeshewe," akamwambia. "Ndugu yako alinioa akaniweka ndani ya nyumba yenye paa. Wewe umenipa mbingu nzima. Basi na mimi nimehamia."

Watu wakacheka. Naye akacheka, ilimbidi. Akaanza habari ya kenchi. Mama akasema hana haraka, atalala hapa hapa, hewa ni nzuri. Na kwa kuwa wapita njia watauliza ni nani amemlaza mjane nje, yeye atawajibu vizuri, atawaambia ni shemeji yake, fundi hodari, tena anajenga ghorofa Kamachumu. Kila alichosema alikisema akimenya ndizi, hakuinua sauti. Shemeji akacheka tena, kidogo, kisha akawa hacheki. Akamwomba angalau alale kwa jirani. Mama akamwekea ndizi kwenye jani, akampa, akamwambia ale kwanza. Akala amechuchumaa, majivu yakimrukia kwenye shati lake. Alipomaliza mama akasema kesho watakwenda wote kwa mwenyekiti kuandika.

Yule bwana akafungua mdomo. Nilijua anataka kusema nini, nilikwisha kulisikia.

"Mimi si mwanao, shemeji," mama akasema. "Tutaandikishana."

Wakaandikishana. Paa lipandishwe lini, milango lini, lipu lini, na kila hatua mwenyekiti aje aone kwa macho yake. Lililobaki kulipwa lilikuwa dogo, lakini likafungwa kwenye hatua hizo. Mafundi walirudi wiki hiyo hiyo na mirunda yao. Na baba mdogo, nasema ukweli, alifanya kazi safi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nafikiri hata yeye ubaba ule ulikuwa umemkaba. Mtu asiyeulizwa huona haya kukiri mwenyewe kwamba amezidiwa na kazi.

Siku hizi mtu akiniomba ushauri humwambia hivi, kwa ukali kidogo maana upole ulinigharimu: nenda ukaone nyumba tatu alizozijenga, na ukae na wenye nyumba mpaka wakwambie na ubaya wake. Andika kabla hujavunja. Usitoe chote mbele. Usibomoe unapolala mpaka upate mahali pa kulala pengine hapo hapo, uone kazi kila siku. Na kama fundi ni ndugu, tafuta katika familia yako mtu ambaye kwake huyo fundi si mkubwa, na huyo ndiye amsimamie. Wengine huandika niliyosema. Wengine hutikisa kichwa, kisha nasikia wamempa kazi mjomba.

Lakini haya ya ushauri nayasema kwa mdomo. Moyoni ninalo jingine. Siku ile ya maboga mama hakurudi nami. Alisema atalala jikoni, kwenye kile kitanda cha zamani, jirani atamletea shuka. Nilibishana naye, nikataja baridi, nikataja magoti. Alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia niende salama, akageuka upesi kwa sababu sufuria ilikuwa motoni. Nilimtazama akitembea kati ya migomba. Magoti yale yale.

Nilifika Kagondo nikafungua mlango, na nyumba ikawa kubwa. Kikombe chake kilikuwa mezani, ameshakiosha na kukifunika. Chumba alichokuwa analala kilikuwa kimefagiwa na shuka limekunjwa. Hakuacha hata kitambaa. Muda wote ule mimi nilikuwa nikihesabu lini atarudi kwake, nikilaumu mvua na mbao na Kamachumu, na haikunipitia akilini kwamba nimezoea kusikia mtu ananiuliza kama anaweza kubandika chai. Kesho yake nilikaa uani saa kumi nikaangalia upande wa Muleba. Nilitamani sana aniulize kama kumenyesha. Nilimkumbuka mama yangu, naye yu hai, mzima, safari ya nusu siku tu, na nikalia kama mtu aliyefiwa. Hadi leo jioni hiyo huwa inanirudia, hasa siku za mawingu.

Nyumba iliisha. Kaka alikuja kutoka Mwanza, mchungaji akaomba, shemeji mtu akakatiwa kipande kikubwa cha nyama na kutaniwa mpaka machozi yakamtoka. Siku ya sherehe sikuweza kukaa na mama, alikuwa na watu wake. Nilirudi na kaka usiku huo huo.

Nilikwenda peke yangu wiki chache baadaye. Sikumpigia simu kwanza. Nani anapiga simu kwenda kwao? Moshi niliuona tokea barabarani, juu ya migomba. Mama alitoka mlangoni akijifuta mikono, amenawiri, ana udongo miguuni, akanipokea mkoba. Akaniingiza sebuleni, akaniwekea kiti kilichokuwa kizuri kuliko vingine, akapita chumbani. Alirudi na kikapu kidogo chenye kifuniko, akakifungua, akaninyooshea kwa mikono miwili. Zilikuwa kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na majani ya kunukia, ambazo kwetu hupewa mgeni aliyetoka kwake. Mimi sikuwahi kupewa pale nyumbani. Pale nilikuwa natumwa kuwaletea wageni.

Nikachukua mbili, nikatia mdomoni. Nilifurahi, nafurahi mpaka leo, kwa sababu hakuna anayetoa kahawa hizo isipokuwa mwenye nyumba. Na nikaumia vilevile, na maumivu yale hayana wa kulaumiwa.

Mama alikaa mbele yangu, akaniuliza habari za njiani, akauliza wajukuu, akauliza watu wa Kagondo. Kisha akatazama jua nje limefika wapi.

"Unalala," akaniuliza, "au unarudi?"

Nikamwambia nalala. Akafurahi, akachukua kisu, akatoka kwenda kukata ndizi za mgeni.